Nilivyozishusha Fidla za Maestro

Siku niliyokabidhi ufunguo wa kabati la karatasi, Rahma aliniambia niandike nilivyoifanya kazi hii kabla sijasahau. Nilimjibu kuwa mimi sisahau, ila kuna mambo nayaacha njiani kwa makusudi. Akanicheka, kesho yake akaniletea daftari. Basi nawaandikieni nyinyi mliobaki studio. Vyeo sitavitaja, maana nilipata kimoja tu, nacho kilikuja na meza yenye mguu mmoja mfupi. Nitaandika habari za kazi yenyewe, na zaidi habari za Mfaransa mmoja aliyenifundisha kazi hiyo wakati nilipodhani nishaijua.

Kazi yangu ilikuwa kunakili noti za muziki. Rahma anaijua, lakini wapo miongoni mwenu wanaodhani nilikuwa karani. Mtunzi huandika kitabu kikubwa ambamo sauti zote zimepangwa moja juu ya nyingine, fidla juu, besi chini. Mpiga fidla hana haja na besi, yeye anataka karatasi yake peke yake. Anayezitoa karatasi hizo moja moja kutoka katika kitabu kile ndiye mnakili. Akikosea, watu ishirini hukosea kwa pamoja, na lawama humwangukia mtunzi.

Nilianza Unguja, mjini, skuli. Tulikuwa na bendi ya skuli na mwalimu Mgoa aliyevaa tai hata siku ya michezo. Aliniona nina mwandiko mzuri na mapafu mabovu, akanipokonya tarumbeta akanipa kalamu. Alinifundisha mambo mawili ambayo sijayaacha. La kwanza, kosa halifutwi kwa kukata mstari, hukwanguliwa kwa wembe mpaka karatasi irudi nyeupe. La pili, ukurasa umalizike pale mpigaji anapokuwa kimya, ili apate mkono wa kugeuzia. Baba yangu, aliyekuwa akipiga fidla katika klabu ya taarab kwa masikio tu, bila karatasi hata moja, aliona mambo yote haya ni kupoteza wino.

Tulihamia Oman katika miaka ya sabini. Watu wa ukoo wetu ni wa Ibra, basi nikakaribishwa nyumbani katika mji ambao sijawahi kuuona, kwa Kiarabu nilichokisema kwa lafudhi ya kuwachekesha watoto. Nilinakili kwa miaka mingi katika bendi ya jeshi, miondoko ya gwaride, yote ikienda mguu mmoja. Mwanzo wa miaka ya tisini ndipo Hilal aliponiita Nizwa.

Hilal mnamjua nyote, ingawa mlimkuta ameshanenepa. Alizaliwa Tabora, akaja huku kijana, akafungua studio ya filamu na sauti nyuma ya duka la mafundi cherehani. Siku yangu ya kwanza alinionyesha chumba chenye magodoro ukutani na akaniambia hiki ndicho chumba cha kurekodia. Nikamuuliza mbona nasikia cherehani. Akasema, "Ndiyo maana tunarekodi wakienda kusali." Na kweli, kwa miaka mitatu tulirekodi baina ya adhana na kurudi kwa mafundi, kisha sisi tukakimbilia msikitini kuidiriki sala mwisho mwisho. Imamu alituzoea.

Nilikuwa naondoka Ibra Jumamosi alfajiri, napitia Sinaw, nalala Nizwa hadi Jumatano. Katikati ya miaka ya tisini, majira ya baridi, nilifika nikamkuta Hilal amevaa kanzu mpya na kilemba cha sikukuu.

"Bwana Nassor, kuna mtu anakuja," aliniambia. "Mfaransa. Mtunzi wa muziki wa filamu. Alikuwa na okestra yake mwenyewe, watu arobaini, karibu wote fidla. Huyu ni siriazi, ndugu yangu. Atatutungia muziki wa ile filamu ya falaji, na wewe ndiye utakayekaa naye."

"Kwa lugha gani?"

"Kiingereza chako na chake. Vyote vibovu, mtasikizana."

Jina lake lilikuwa Castagnol. Hilal akamwita Maestro tangu mlangoni, nasi sote tukafuata. Alikuwa mzee aliyepita sabini, mwembamba, koti la kitani lililojikunja, na mkoba mdogo aliokataa kumpa mtu yeyote ambebee. Hakunitazama usoni kwanza. Alitazama kalamu yangu iliyokuwa mezani, akaichukua, akaijaribu ncha yake ukuchani, kisha akafungua mkoba wake akatoa kalamu nne na wembe uliofungwa kwa kitambaa. Nami nikafungua mtoto wa meza nikamwonyesha wembe wangu. Tulikuwa tumeshajuana kabla ya salamu.

Nilimchukua kwa gari wiki nzima ili aone mahali filamu itakapopita. Ilikuwa filamu ya maji ya falaji, mifereji ya kale ya huku, inayafuata kutoka Al Jabal al Akhdar hadi kwenye mashamba chini. Njiani nilimuuliza maisha yake, na nakiri niliuliza kupita adabu. Nilikuwa na hamu. Alikuwa mtoto wa tarishi wa mji mdogo, akasoma muziki kwa bidii, akataka kutunga makubwa. Akapata kazi ya kuwapangia waimbaji muziki wa nyuma yao. Kisha kampuni ya sahani za santuri ikamwambia, hebu mtoe mwimbaji, tubaki na wa nyuma. Ndivyo ilivyozaliwa okestra yake. Fidla nyingi, laini, zinapanda na kushuka bila haraka, na nyimbo zinazojulikana zikipigwa bila maneno. Nyinyi vijana mnaufahamu muziki huo hata kama hamjui kuwa mnaufahamu. Ndio unaopigwa ndani ya ndege kabla haijaruka, na kwenye ukumbi wa hoteli, na redioni pakibaki dakika mbili kabla ya taarifa ya habari. Muziki wa kungojea.

Filamu zilikuja baadaye. Alizitungia nyingi, za mapenzi na za majambazi, nyengine alisema hakuzimaliza kuzitazama.

Aliniambia kanuni ya kazi yake. Msikilizaji aweze kuzungumza muziki ukipigwa bila kupaza sauti. Akipaza sauti, mtunzi amekosea. Siku moja tulipokuwa studio nilipiga simu ofisi fulani Maskati, nikaambiwa ningoje, na muziki ukaanza sikioni. Fidla laini. Nilimtazama, nikampa mkono wa simu. Akasikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha. "Ni wangu," akasema. "Wameukata mwisho." Akanirudishia simu kwa huzuni kama aliyerudishiwa mwana bila viatu.

Baada ya hapo ndipo nilipouliza swali lililokuwa likinikereketa. Tulikuwa njiani, tunatoka Nizwa. "Maestro, huumii kwamba dunia nzima inausikia muziki wako na hakuna anayeusikiliza?" Alitazama nje mpaka tukaipita Izki, nikadhani nimemuudhi. Kisha akasema kwamba mkewe alipokuwa hospitali, siku za mwisho, palikuwa na redio ukutani ikipiga kwa sauti ndogo. Ukapigwa wake mmoja. Mke hakuutambua, ila alilala, na alikuwa hajalala siku mbili. "Hiyo inanitosha," akasema. Na filamu hii ya maji ndiyo ya mwisho kwake, akasema, baada ya hii anaweka kalamu. Niliona aibu kwa swali langu na sikuuliza tena kitu mpaka kesho yake.

Sasa nifike Birkat al Mauz, kwa sababu yote yaliyobaki yanatoka hapo.

Tulikaa pale siku tatu, kwenye migomba, kando ya mfereji wa falaji. Msimamizi wa zamu za maji alikuwa mzee mmoja akiitwa Said, watu wakimwita arif, ndicho cheo chenyewe. Mchana alipima kwa kijiti kilichosimamishwa ardhini na mawe yaliyopangwa. Kivuli kikifika jiwe fulani, athar ya mtu imekwisha, na athar ni kama nusu saa ya maji. Maestro alipenda kukaa karibu naye. Mtu aliyeishi kwa kuhesabu mapigo alikuwa amekutana na mwenzake.

Siku ya kwanza ilikuwa zamu ya sheikh mmoja mkubwa wa pale, mtu wa ndevu nyeupe, watu wakisimama akipita. Alikuwa shambani mwake mwenyewe, kanzu ameikunja, anaongoza maji kwa jembe. Kivuli kikafika kwenye jiwe. Arif akasimama akaita kwa sauti iliyosikika na kila aliyekuwepo: "Ya sheikh! Zamu yako imekwisha!" Pembe ya shamba ilikuwa bado kavu, niliiona. Sheikh hakutazama hata pembe ile. Akasema, "Allah yajzik kher," Mungu akulipe kheri, akainama akachukua jiwe lililoviringwa kitambaa, ndicho kizibo chenyewe, akaziba mlango wa maji kwa mkono wake mwenyewe.

Maestro aliniuliza, "Haoni haya?"

"Nani?"

"Huyu mkubwa. Kuambiwa mbele ya watu."

Nikamweleza kuwa kwenye maji hakuna haya. Asipoambiwa, shamba la jirani linakauka, na yeye mwenyewe atakuwa ametumia maji ya mwenziwe bila kujua. Anayemwambia anamkinga na dhambi. Nililisema hilo kwa fahari, kama mtu anayemtembeza mgeni nyumbani kwake. Maestro akaliandika kwenye kidaftari.

Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, alikaa kwenye kivuli cha migomba, mgongo ameupa mfereji, anaandika. Maji yalikuwa yanapita nyuma yake hatua moja tu, membamba, yanagongana na vijiwe kwa mlio ule mwembamba wa juu ambao mtu akiuzoea hulala nao. Mimi nilikuwa nakunja mkeka. Akainua kichwa bila kugeuka, akaniuliza, "Wameyafunga maji?"

Niliyatazama maji. Yalikuwa yanapita. Nikamtazama yeye, kisogo chake chembamba, na nikafahamu. Hakuwa kiziwi. Sauti yangu alikuwa akiisikia, na gari, na simu. Lakini milio ya juu kabisa ilikuwa imemtoka, na mtu huyu aliishi kwa fidla.

Nikasema, "Naam. Wameyafunga kidogo."

Nataka mjue sikusema vile kwa ubaya. Nilivyolelewa mimi, mtu mzima akivukwa na nguo unageuza uso, na ukiweza unamfunika asijue kuwa amefunikwa. Hiyo ndiyo sitara. Bibi yangu Unguja alikuwa akisema, mwenye kumsitiri mwenziwe Mungu naye humsitiri. Basi nilimsitiri Maestro kwa neno moja, nikaenda kuweka mkeka garini nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Alipokuja garini mikono yake ilikuwa imerowa, akaipangusa kwenye suruali. Niliiona na sikuifikiria.

Wiki zilizofuata alijifungia chumbani mwake hoteli, kurasa zikanijia moja moja. Muziki ulikuwa mzuri. Mwanzo wake besi peke yake, maji yakiwa bado ndani ya jiwe, naweza kuuimba hata leo. Lakini ilipofika sehemu ya maji kutokea mwangani, nilishika kichwa. Fidla zote nane za kwanza zimepandishwa juu mno, mahali ambapo kidole kikikosea kwa unywele zinalia kama paka. Na juu yake ameandika zipigwe kwa nguvu zote. Filimbi ndogo nayo imo, na kichuma cha pembe tatu, vyote juu, vyote kwa nguvu. Hapana mtu angeweza kuzungumza muziki ule ukipigwa. Watu wangeziba masikio.

Nilikwenda kwa Hilal.

"Mwambie," akasema.

"Wewe ndiye bosi. Mwambie wewe."

"Mimi? Mzee kama yule, sawa na baba yangu, nimwambie husikii? Nassor, tafadhali. Na wapigaji kutoka Kairo wanafika wiki ijayo."

Hilo la wapigaji ndilo lililonikata maini. Walikuwa kumi na mmoja kutoka Kairo na waliobaki kutoka bendi za hapa, wote watu wa kazi. Wangepiga mara moja, wangetazamana, mmoja angetabasamu, na kazi ya mwisho ya Maestro ingekuwa hadithi ya kuchekesha mkahawani. Sikutaka hilo limfike. Nilikuwa nishampenda yule mzee, hilo niliseme wazi.

Nikalifanya lile ambalo mnakili hana ruhusa ya kulifanya. Kwenye karatasi za wapigaji nilizishusha fidla ngazi nane nzima, noti zile zile kwa sauti nene zaidi. Nikaandika laini pahala pa nguvu. Filimbi nikaipumzisha. Kichuma nikakipa pigo moja badala ya kumi na sita. Mwandiko wangu ulikuwa safi kabisa. Kitabu kikuu, atakachosimama nacho mbele ya okestra, nilikiacha kama kilivyo. Hesabu yangu ilikuwa hii: yeye ataona fidla juu kitabuni, hatazisikia, atadhani zipo. Wapigaji watapiga vizuri. Kila mtu atakwenda kwao na heshima yake.

Tulirekodi katika ukumbi wa harusi wa hoteli moja nje ya mji. Viyoyozi vilizimwa kwa sababu vilikuwa vinaunguruma, na kila baada ya robo saa nyuzi zililegea kwa joto ikabidi zikazwe upya. Nawapeni nasiha ya bure: msirekodi nyuzi kwenye ukumbi wenye mazulia mapya, yanameza kila kitu. Mimi nilikaa kiti cha pembeni, nyuma ya besi, na kitabu cha ziada mapajani. Maestro alisimama bila koti. Besi zikaanza, maji yakatembea ndani ya jiwe, na wale watu wa Kairo niliona nyuso zao zinabadilika, wameheshimu. Ikafika sehemu ya mwanga. Fidla zikaingia, laini, tamu.

Maestro akashusha mikono.

Okestra ikanyamaza vipande vipande. Akasema kwa Kiingereza, polepole, "Nazisikia fidla."

Hapana aliyefahamu. Kiongozi wa fidla akasema, "Ndiyo, Maestro." Maestro akateremka, akaichukua karatasi ya yule bwana kutoka kwenye kinara, akaisogeza karibu na macho. Aliutambua mwandiko. Alinitazama mimi kule nyuma ya besi, na mimi nilitamani besi ile iwe pana zaidi. Akawaambia watu wakanywe maji.

Tulitoka kwenye ukumbi mwembamba wa nje, penye birika la maji baridi. Hilal alitaka kutufuata, akabadilisha mawazo.

"Miaka minne sijazisikia fidla pale juu," akasema. "Leo nimezisikia. Basi hazikuwa pale. Umejua lini?"

"Birkat al Mauz."

"Uliponiambia maji yamefungwa." Akatikisa kichwa. "Niliponyanyuka nilinawa mikono katika maji hayo hayo. Nikasema, haya, na huyu naye ananificha."

Ndipo nilipoikumbuka mikono iliyorowa. Nikamwambia kuwa kwetu mtu mzima haambiwi aibu yake, na kwamba nilitaka kumhifadhi.

"Kwenu?" akasema. "Kwenu nilimwona mtu akimwambia sheikh mbele ya kijiji kizima, zamu yako imekwisha. Na sheikh akamshukuru. Wewe ndiye uliyenieleza kwa nini. Au mimi sina shamba?"

Machozi yalinijia nikayazuia kwa kunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo.

Akakaa kwenye ngazi akaniashiria nikae. Hasira ilikuwa imemshuka kidogo. "Sikiliza. Daktari alishaniambia, najua kilichoondoka. Pale nilipokaa, maji yalikuwepo nyuma yangu na mimi sikuyasikia. Nikajiuliza, yako wapi? Yako juu, mahali ambapo mimi siendi tena. Basi nikaziweka fidla huko huko. Si kwa ajili yangu. Wewe umeyachukua maji ukayaleta niliko mimi."

Nilijihisi mdogo kuliko mtoto wa skuli. Miaka thelathini ya kunakili, na nilikuwa nimesahihisha jambo pekee katika kitabu kile ambalo mtunzi alilijua vizuri kuliko sote.

Lakini kazi ni kazi. Nikasema, "Maestro, juu sawa. Lakini umeandika kwa nguvu. Kwa nguvu zitalia kama paka. Hapana mtu ataweza kuzungumza zikipigwa."

"Kwa nguvu nyingi?" akauliza.

"Mno. Na filimbi iondoke. Na kichuma pigo moja."

"Una hakika?"

"Wallahi."

Akapiga goti lake kwa kiganja. "Hilo ndilo silijui! Nguvu ndiyo siwezi kuipima. Hilo ndilo ungeniambia wiki iliyopita, tungelimaliza kwa dakika tano." Akacheka, cheko fupi lisilo na furaha sana, na akafungua mkoba wake akatoa wembe.

Tulikaa pale kwenye ngazi, yeye karatasi nne, mimi karatasi nne, tukakwangua noti zangu moja moja na kuzirudisha juu kwenye mahali pake. Neno laini tuliliacha. Wapigaji walipita wakatuona, mzee mwenye jina lake na mnakili wake, magoti yamejaa unga wa karatasi. Hapana aliyecheka.

Tuliporudi ukumbini alinihamisha kutoka nyuma ya besi akanikalisha mbele, karibu na mguu wake. Akawaambia watu, wazi wazi, "Fidla zikiwa juu mimi sizisikii. Huyu anazisikia. Nitamtazama yeye." Ilimgharimu kusema vile. Kisha akainua mikono. Sehemu ile ya mwanga aliiongoza akiwa ananitazama mimi usoni. Zikizidi naweka kiganja chini, zikififia nakiinua. Na zilikuja. Nyembamba, laini, juu kabisa, zikigongana kama maji kwenye vijiwe. Zilipokwisha aliacha mikono hewani.

"Yapo?" akaniuliza.

"Yapo."

"Usinidanganye tena."

"Wallahi yapo, Maestro."

Filamu ilionyeshwa Nizwa mwaka uliofuata. Sehemu ya mwanga ilipofika watu walikuwa wanazungumza, mama mmoja nyuma yangu akimweleza shoga yake falaji ya kwao Jalan inavyopita, bila kupaza sauti hata kidogo. Nilimwandikia Maestro habari hiyo. Alinijibu mstari mmoja, kwamba hajapata kusifiwa vizuri zaidi. Baada ya miaka michache nilipokea kifurushi kutoka kwa binti yake, ndani mna kalamu nne na wembe ndani ya kitambaa. Nilifahamu kabla ya kusoma barua.

Kisha zikaja zama zenu. Mwanzo wa miaka ya elfu mbili Hilal alinunua kompyuta, na akaja Rahma, kazaliwa hapa hapa Ibra, Kiswahili chake cha kuokota kwa bibi yake, ngeli zote ameziweka kapu moja. Kompyuta ilinakili kwa dakika kazi yangu ya siku mbili, na haikujua mpigaji anageuza ukurasa kwa mkono gani. Basi tukagawana, yeye mashine, mimi kurasa, na masikio yangu kwenye meza ya kuchanganyia sauti. Kila mgeni aliyeingia studio nilimhadithia siku ya kwanza habari ya arif na sheikh, na nilivyokosea. Mliisikia nyote, wengine mara tatu, mkawa mnatazamana nikianza.

Mwaka huu, mwezi mmoja kabla sijaondoka, tulikuwa tunachanganya sauti za filamu ya watu wa Sur. Nikamwambia Rahma aongeze fidla. Akaongeza. Nikamwambia tena. Akaondoa mkono kwenye kifungo.

"Shikamoo, Ami," akasema. Asubuhi alikwishaniamkia.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Hii fidla yote iko juu sana, inaumiza. Jana pia. Wiki ilopita pia, mimi nimerudisha chini wewe ulipotoka." Akainua uso. Mafundi wawili wa kamera walikuwepo wanasikia. "Leo sirudishi kwa siri. Ami, zamu yako imekwisha."

Iliniuma. Sitawaficheni, iliniuma kama kuungua. Nilitazama zile taa za kijani zinazopanda na kushuka, zinasema fidla zipo, na mimi sikuwa na kitu sikioni. Nikakumbuka pembe ile ya shamba iliyobaki kavu. Nikamwambia, "Allah yajzik kher, mwanangu," nikasimama, nikamwachia kiti.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda Birkat al Mauz peke yangu. Arif Said amekwisha fariki, mwanawe ndiye anayepima sasa, kwa saa ya mkononi. Nikakaa kwenye migomba, mgongo nikaupa mfereji, nikafumba macho. Palikuwa kimya kabisa. Nikanyoosha mkono nyuma, na maji yalikuwepo.